Kiti cha China, mti wa Kigoma

Seremala wa Mwanga, mjini Kigoma, haulizwi leo anaranda mbao gani. Anatazamwa mikono na ndala. Vumbi la mninga ni la kahawia na humpigisha mtu chafya. Vumbi la mkurungu ni jekundu, huganda kwenye kucha na jasho la shingo, na kunawa mara moja hakutoshi. Hata jina la kitaalamu la mti huo, Pterocarpus tinctorius, limebeba habari hiyo, kwa maana neno la pili linatokana na Kilatini cha kutia rangi. Gome lake likikatwa, utomvu unaotoka ni mwekundu kama damu.

Kando ya barabara inayotoka Kigoma mjini kwenda Ujiji, mbao za aina hiyo hugeuka vitanda vya sita kwa sita, makabati ya vyombo, meza za chakula na makochi ya watu watatu. Ni kazi za kila siku, za harusi na za nyumba mpya. Lakini mkurungu una mteja mwingine ambaye hajawahi kukanyaga Mwanga. Katika viwanda vya samani za kuchongwa vya China, umbali wa maelfu ya kilomita kutoka Ziwa Tanganyika, mti huu una jina lake la kibiashara, xuetan, yaani msandali wa damu. Fundi wa huko naye aliona kile anachokiona fundi wa hapa, ila yeye alikiuza ghali zaidi.

Safari ya mti wa miombo hadi kuwa kiti cha mtu tajiri wa Asia ni ndefu, na inaanzia kwenye kasri za zamani kabla ya kufika msituni.

Samani zisizo na msumari

Wachina wenyewe wakitaja samani bora hurudi kwenye enzi ya Ming, iliyoanza mwaka 1368 na kuanguka 1644. Wakati huo mafundi walipenda mbao mbili kuliko zote. Ya kwanza ni huanghuali, yenye rangi ya dhahabu, iliyotoka hasa kisiwa cha Hainan. Ya pili ni zitan, nzito, ya zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi, ambayo mti wake hukua kusini mwa India. Zitan hiyo ni Pterocarpus, ukoo mmoja na mninga na mkurungu. Kwa lugha ya nyumbani, ni binamu.

Sifa ya kwanza ya samani hizo haionekani kwa macho, kwa sababu imefichwa ndani ya maungio. Mguu wa kiti una ulimi unaoingia kwenye tundu la fremu. Fremu nayo ina ulimi unaoingia kwenye mguu mwingine. Vipande vikibanana, vinashikana bila msumari na mara nyingi bila gundi. Meza inaweza kufunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa, ikaungwa tena. Ubao mpana wa juu ya meza au wa mlango wa kabati haupigiliwi. Kingo zake hukaa ndani ya mfereji uliochongwa kwenye fremu, ukiachiwa nafasi ndogo ya kucheza. Mbao hutanuka wakati wa unyevu na kusinyaa wakati wa ukavu, na ubao uliobanwa pande zote hupasuka. Fundi wa Ming alilijua hilo, akaacha mlango wa kupumulia.

Sifa ya pili ndiyo inayoonekana, nayo ni nakshi. Samani za Ming hazikuwa na nakshi nyingi. Uzuri wake ulikuwa kwenye mkunjo wa mgongo wa kiti na mng'ao wa mbao yenyewe. Enzi ya Qing iliyofuata, hadi 1911, ndiyo iliyojaza viti na meza majoka, mawingu, maua na matunda. Hakuna kilichochongwa hivihivi. Samaki yupo kwa sababu jina lake, yu, linatamkwa sawa na neno la ziada, kile kinachobaki baada ya watu kushiba. Komamanga lililopasuka likionyesha mbegu zake ni dua ya watoto wengi. Pichi ni maisha marefu. Na popo, ambaye Mpemba akimsikia hukumbuka jini popobawa na kukosa usingizi, kwa Wachina ni mgeni wa heri, kwa kuwa jina lake, fu, lina sauti ya neno la baraka. Popo watano waliochongwa kwenye mlango wa kabati ni baraka tano.

Samani hizo ndizo zilizoipanga nyumba. Katika ukumbi wa kupokea wageni, meza ndefu na nyembamba ilisimama ukutani, ikitazamana na mlango, juu yake vyombo vya mababu na maua. Mbele yake ilikaa meza ya mraba, na kila upande kiti kimoja, kulia na kushoto, kama mizani. Mgeni akiingia tu aliona nyumba ina mpangilio na ina wenyewe. Chumbani, kitanda kilikuwa chumba ndani ya chumba: nguzo, paa, vizuizi vya kuchongwa pande tatu, pazia mbele. Familia nyingi zenye uwezo zilimpeleka binti kwa mumewe pamoja na samani zake. Mwenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana, maana samadari ya bibi harusi, yenye nguzo zake na urefu wa kupandiwa kwa kigoda, ilifanya kazi hiyohiyo.

Karne ya 20 nusura izimalize samani hizo. Mtu aliyefanya kazi kubwa ya kuzikusanya, kuzipima na kuzichora ni mtaalamu Wang Shixiang (1914–2009). Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1985, na miaka michache baadaye vipande 79 vya mkusanyo wake viliingia Makumbusho ya Shanghai. Kuanzia hapo matajiri wapya wa China walianza kuvitafuta viti vya babu zao, na kwa kuwa viti vya babu ni vichache, wakaagiza vipya.

Orodha ya mbao nyekundu

Mwaka 2000 serikali ya China ilitoa kiwango cha taifa kinachosema ni mbao zipi zinaruhusiwa kuitwa hongmu, yaani mbao nyekundu za samani za jadi. Orodha ilikuwa na aina 33 za miti. Ilipopitiwa upya mwaka 2017 zikabaki 29. Humo ndani umo mti unaofahamika kwa kila mtoto wa shule Tanzania: mpingo.

Mkurungu haumo. Hilo lingeweza kuuokoa, lakini soko halisomi orodha tu. Miti ya jamii hii ya Asia ilikuwa imekatwa kupita kiasi, bei ya zitan halisi ilikuwa haishikiki, na mkurungu ukirandwa na kung'arishwa unafanana nao kiasi cha kumdanganya asiye mtaalamu. Ndani ya muda mfupi mahitaji yakalipuka. Zambia na Kongo, ambako mti huu unaitwa mukula, magogo yalikatwa vijijini na kupakiwa kwenye malori kuelekea bandarini. Malawi nako mti huo uliwindwa. Mwanakijiji aliyeonyesha mti ulipo alipata kidogo. Faida ilikuwa mbele, kila hatua iliyopigwa kutoka shinani.

Tanzania ilikuwa imeiona sinema hiyo mapema, upande wa kusini. Baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 na kuivusha barabara juu ya Mto Rufiji, ukataji wa miti migumu ulipamba moto. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilifichua jambo lililowashangaza wengi: takwimu za China zilionyesha kuwa nchi hiyo ilipokea mazao ya mbao kutoka Tanzania mara kumi zaidi ya yale ambayo Tanzania yenyewe iliandika kuwa imeyauza huko. Pengo hilo lilikuwa ushuru usiolipwa na misitu isiyohesabiwa.

Jumuiya ya kimataifa ikaingilia. Mkutano wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliofanyika Geneva mwaka 2019 uliuweka mkurungu kwenye kiambatisho cha pili, maana yake magogo na mbao zake hazivuki mpaka wa nchi bila kibali. Mkutano uliofuata, wa Panama mwaka 2022, ukapanua wigo kwa kuingiza jamii yote ya Pterocarpus ya Afrika, mninga ukiwemo.

Kwa Kigoma hizo si habari za mbali. Miombo ya wilaya ya Uvinza, hasa eneo la Masito-Ugalla, ni makazi ya mninga na mkurungu, na pia ya sokwe mtu. Gombe na Mahale ndizo zinazotajwa kwenye vipeperushi vya watalii, lakini sokwe mtu wengi wa Tanzania wanaishi nje ya hifadhi hizo za taifa, kwenye misitu ambayo mwenye msumeno naye anaitamani.

Ngozi ya mbuzi pale Ujiji

Je, mwambao huu wa ziwa umewahi kuwa na samani zake za fahari? Jibu linaanza na kikao maarufu kuliko vyote vilivyowahi kufanyika Ujiji, na kikao hicho hakikuwa na kiti.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipomkuta David Livingstone, wawili hao walikwenda kuketi barazani. Stanley mwenyewe ameieleza baraza hiyo: jukwaa la udongo chini ya paa lililochomoza, mkeka umetandikwa juu yake, juu ya mkeka ngozi ya mbuzi, na ngozi nyingine imepigiliwa ukutani ili mgongo usiguse udongo wa baridi. Ni wenyeji wa mwambao waliokuwa wakikaa hivyo, na Livingstone alifuata desturi. Leo mahali hapo pana makumbusho, na ndani yake sanamu za wanaume hao wawili wakisalimiana wima.

Ujiji ya wakati huo haikuwa kijiji cha kimaskini. Ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, soko la pembe, chumvi, vitambaa, shanga na, kwa aibu ya historia, watu. Wafanyabiashara wa pwani waliohamia hapa walikuja na namna yao ya kuishi: nyumba ya pembe nne, baraza, miembe uani na Kiswahili. Walikuja pia na mapenzi ya mlango. Kule Kwihara, karibu na Tabora, tembe alilokaa Livingstone baada ya kuagana na Ujiji bado lina mlango wa kuchongwa wa mtindo wa pwani, ushahidi kwamba nakshi ilipanda bara pamoja na misafara.

Zanzibar, kitovu cha sanaa hiyo, mlango ulikuwa ndio hadhi ya nyumba. Waongoza watalii wa Mji Mkongwe husimulia kwamba fremu yake ilisimamishwa kwanza, kuta zikafuata. Kwenye miimo ulichongwa mnyororo wa kulinda nyumba, chini samaki wa kuomba uzazi, katikati yungiyungi na majani ya mtende. Samaki huyo wa Zanzibar na yule wa China hawakufundwa na fundi mmoja, lakini wote wawili wanaiombea nyumba isipungukiwe. Ndani, mbele ya wageni wa heshima, kiliwekwa kiti cha enzi: kipana, cha mbao nyeusi, kimetiwa njumu za pembe na kusukwa kamba mgongoni. China nayo ilikuwepo kwenye nyumba hizo tangu zamani, ila si kwa mbao. Ilikuwepo kwa sahani na mabakuli ya kauri, yaliyopangwa kwenye zidaka ukutani na kupachikwa hata kwenye nguzo za makaburi, kama yale ya Kunduchi.

Bara nako hakukuwa mikono mitupu. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, Waluba na Wahemba walichonga vigoda vya watawala ambavyo kalio lake hubebwa kichwani na sanamu ya mwanamke. Kazi za fundi anayejulikana kama bingwa wa Buli ziko leo kwenye makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani. Unyamwezini, ambako reli ya Kigoma inapita, palichongwa kiti cha mtawala chenye mgongo mrefu ulioinuka kama ngao, nacho kiko Berlin. Anayetaka kuona samani za kifahari za ukanda huu analazimika kukata tiketi ya ndege.

Sebule ya sasa

Ingia sebule ya kawaida ya Kigoma leo. Makochi yamepangwa kuizunguka meza ya kioo, runinga imekaa mahali ambapo zamani palikaa picha ya babu, na kila mgongo wa kochi umevishwa kitambaa cha kufuma, cheupe, kilichopigwa pasi. Kitambaa hicho ndicho nakshi ya siku hizi. Kimefumwa na mama mwenye nyumba au shangazi yake, na kinafanya kazi ambayo patasi iliacha kuifanya.

Kwa nini patasi iliacha? Sababu ya kwanza ni muda. Mgongo wa kochi ulionyooka unarandwa asubuhi na kuunganishwa jioni; uliochongwa unakula siku kadhaa, na mteja anayelipa kidogo kidogo hataki kuhesabiwa siku. Sababu ya pili ni kabati la dukani. Linakuja limekunjwa ndani ya boksi, linang'aa, lina vioo, na mara nyingi limetengenezwa China hiyohiyo, kwa vumbi la mbao lililogandishwa na kubandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Hata masultani hawakuikwepa mitindo: kwenye Makumbusho ya Kasri, Zanzibar, samani za formaika za katikati ya karne iliyopita ziliwekwa jirani na zile za mbao zilizochongwa kwa mkono.

Tatizo la kabati la boksi ni unyevu wa ziwa na wa mvua. Kigoma mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi karibu na Mei. Ubao wa vumbi ukinyonya unyevu huvimba miguuni, bawaba zinang'oka, na karatasi ya juu inaanza kujikunja. Haukarabatiki. Kabati la mninga, likilegea, fundi analirudisha.

Biashara hii ya kupishana ina kichekesho chake. Mbao ngumu inatoka huku ikiwa gogo au ubao, na vumbi la mbao linarudi likiwa samani. Na njia inazidi kuwa fupi. Desemba 2022 Tanzania ilisaini mkataba na kampuni mbili za China wa kujenga reli ya kisasa ya kilomita 506 kutoka Tabora hadi Kigoma. Reli ya zamani, iliyofika hapa mwaka 1914, ilijengwa na Wajerumani ili kubeba mali ghafi kuelekea pwani. Mabehewa ya hii mpya yatabeba kile ambacho Kigoma itakuwa imejiandaa kukipakia.

Mteja naye ana kazi

Kupamba nyumba kwa mbao za kuchongwa hakudai ukumbi wa mfalme. Wachina wenyewe walijifunza kwamba nakshi nyingi mahali pamoja huchosha jicho. Ndiyo maana viti vya Ming vilivyo vitupu hupendwa kuliko vya Qing vilivyojaa. Kwa sebule ya nyumba ya vyumba viwili ya Mwanga au Katubuka, kipande kimoja kinatosha: ubao wa kichwani mwa kitanda, mlango wa kabati, fremu ya kioo, au meza ndogo ya kahawa. Kikae mahali mgeni anapotazama kwanza, kisishindane na pazia lenye maua makubwa, na kisifunikwe na kitambaa.

Mteja aulize maswali matatu kabla ya kutoa kishika uchumba. Mbao imekaushwa kwa muda gani? Mbao mbichi iliyochongwa vizuri ni hasara iliyochongwa vizuri, kwa sababu kiangazi kikifika nyufa hupita katikati ya ua. Ubao mpana umepigiliwa, au umeachwa ucheze ndani ya mfereji wa fremu? Fundi anayejua kazi yake atajibu bila kusita. La tatu, mbao ina hati ya kusafirishia mazao ya misitu? Mbao ya usiku ni rahisi kwa sababu kuna mtu ameilipia, na mtu huyo ni kijiji kilichobaki na visiki.

Fundi naye aangalie michoro iliyo karibu. Dagaa na mgebuka wa Tanganyika, mtumbwi wa Kibirizi, ua la mwembe, meli ya Liemba: hizo ni alama ambazo mnunuzi wa Kigoma, Bujumbura, Uvira au Kalemie atazitambua kabla ya kusoma bei. Vyuo vya VETA na ofisi za SIDO, ambazo Kigoma inazo, zinaweza kuifanya nakshi kuwa somo lenye soko. China ina miji inayoishi kwa kazi hii. Dongyang, mkoani Zhejiang, jina lake lenyewe ni chapa ya uchongaji, na fundi wa huko hahitaji kuwa na msitu nyuma ya nyumba yake.

Jambo la mwisho liko kwenye maandishi ya CITES, na wafanyabiashara wa mbao wamelisoma vizuri kuliko maseremala. Kibali cha kimataifa kinachodaiwa kwa mkurungu na mninga kinataja magogo, mbao zilizopasuliwa, mbao zilizorandwa kwa mashine, plaiwudi na tabaka nyembamba za ubao. Kiti kilichokwisha kutengenezwa hakimo kwenye orodha hiyo.